Kuchagua programu ya kurejesha seva nzima kwenye mashine tupu: mwongozo kamili kwa ofisi za Mtwara na Lindi

Seva ikifa Dar es Salaam, unaweza kubahatika ukapata nyingine ya aina ileile Kariakoo kabla jua halijazama. Ikifia Masasi, Newala au Nachingwea, hesabu ni nyingine. Utachukua mashine yoyote iliyo karibu: seva ya zamani ya idara jirani, kompyuta yenye nguvu ya masjala, au kitu kilicholetwa na basi ambacho si modeli uliyokuwa nayo. Ndiyo maana huku Kusini swali linaloamua ununuzi ni hili: je, nakala ya seva ya HPE inaweza kuwaka juu ya mashine ya Dell, hapahapa ofisini kwako, bila intaneti na bila kumsubiri muuzaji? Sifa nyingine zote za programu nazipima baada ya hilo kujibiwa.

Kurejesha kwenye mashine tupu maana yake ni kwamba mfumo endeshi, draiva (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa vya mashine), mipangilio, akaunti za watumiaji, programu na data vinarudi kwa mkupuo mmoja kwenye mashine isiyo na kitu, ukianzia kwenye flashi ya urejeshaji. Ofisi nyingi zina nakala za mafaili tu, na zinaamini ziko salama. Seva ikifa, inabidi kusakinisha Windows Server upya, kisha SQL Server (mfumo wa database), kisha masasisho, kisha mfumo wa uhasibu ambao aliyeusanidi alishahamia mkoa mwingine. Data ipo, lakini kazi inasimama kwa siku kadhaa.

Hatua ya kwanza: orodhesha kilichomo ndani ya seva zako

Usifungue tovuti ya muuzaji yeyote kabla ya kufanya hili. Kwa kila seva andika toleo la mfumo endeshi, modeli ya kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), ukubwa wa kila diski na kiasi kilichojaa, database inayotumika, kama diski zimefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayosimba diski), na nani anaitegemea seva hiyo. Andika pia kama inawaka kwa BIOS ya zamani au kwa UEFI ya kisasa, yaani programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi. Kwenye Windows fungua `msinfo32` usome mstari wa BIOS Mode. Kwenye Linux tazama kama folda `/sys/firmware/efi` ipo. Ikiwepo, ni UEFI. Jambo hili dogo litakurudia baadaye.

Orodha hii mara nyingi inapunguza gharama. Seva inayohifadhi mafaili ya kawaida unaweza kuijenga upya kwa nusu siku. Fedha zielekezwe kwa zile zenye mfumo wa malipo, mfumo wa wagonjwa, au Active Directory inayowaingiza watu wote kwenye kompyuta zao asubuhi.

Hatua ya pili: muulize mwenye kazi, kisha andika jibu lake

Nenda kwa mhasibu ukae naye. Usimuulize kwa lugha ya TEHAMA. Muulize hivi: “Mama, tukikosa mfumo kuanzia asubuhi, kazi inasimama kabisa saa ngapi?” Kisha: “Na mfumo ukirudi, mkikuta kazi ya tangu jana jioni haimo, mnaweza kuiingiza upya kutoka kwenye karatasi?” Jibu la kwanza ni muda wa juu unaoruhusiwa kukaa bila seva. La pili ni kiasi cha data mnachoweza kuvumilia kupoteza, na ndilo linaloamua nakala zichukuliwe kila usiku au kila baada ya saa chache.

Kwenye chama kikuu cha ushirika jibu la Aprili halifanani na la Novemba. Msimu wa korosho ukishafunguliwa Oktoba, kuna mizigo inayopokelewa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika), stakabadhi za ghala, minada, makato na orodha za malipo ya wakulima, na vyote vinapita kwenye mashine zilezile. Mzee wa Tandahimba anayesubiri fedha ya korosho zake ana ada ya mjukuu ya kulipa. Kwa hiyo chukua jibu la Novemba. Hospitali haina msimu. Kila siku kwao ni Novemba.

Andika saa hizo kwenye karatasi, mkuu wa ofisi asaini. Bila saini hiyo, siku ya tatizo kila mtu atakuwa na matarajio yake.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya nakala itakapokaa

Wauzaji wengi wanapenda kukuuzia hifadhi ya wingu. Ifanyie hesabu kwanza. TB 1 (terabaiti moja) ya data kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde inachukua siku 9 na zaidi kushuka, laini ikiwa haiyumbi hata dakika moja. Kwenye mtandao wa ndani wa gigabiti 1, data hiyohiyo inarudi kwa takriban saa 3. Lakini ukiwa bado una swichi ya zamani ya megabiti 100, hesabu inafika saa 22. Nimeona ofisi zinazopanga kununua leseni za gharama kubwa huku swichi ya aina hiyo ikiwa ukutani. Anza na swichi.

Mei 2024 iwe kipimo chako. Mapema mwezi ule mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Kilwa. Siku chache baadaye mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Ofisi ya Mtwara iliyotegemea seva mbadala kutoka Dar na nakala kutoka wingu isingepata hata kimoja kwa urahisi. Nakala ya kwanza ikae ndani ya jengo, kwenye kifaa tofauti na seva yenyewe. Ya pili iwe kwenye diski ya nje inayochomolewa na kupelekwa jengo lingine, hata kama ni tawi la Mikindani. Wingu liwe la tatu, kwa ajili ya moto au mafuriko. Kama ofisi iko karibu na bahari, diski hizo za nje zihifadhiwe kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu, maana hewa ya chumvi inakula viunganishi.

Programu utakayoichagua lazima iweze kuandika kwenye sehemu zote hizo na, muhimu zaidi, kusoma kutoka kwenye diski ya USB wakati wa kurejesha hata kama seva ya nakala yenyewe imekufa pamoja na nyingine.

Hatua ya nne: ipime kwenye mashine tofauti

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Flashi imechomekwa, mashine imebuti, skrini ya urejeshaji imefunguka. Unafika sehemu ya kuchagua diski, na orodha ni tupu. Diski zimo, taa zake ni za kijani, lakini programu haizioni, kwa sababu flashi haina draiva ya kadi ya RAID ya mashine mpya. Programu nzuri inakupa kitufe cha kupakia draiva kutoka flashi nyingine palepale, orodha inajaa, unaendelea. Programu dhaifu inakuacha utafute namna ya kutengeneza flashi upya, wakati kompyuta ya kuitengenezea nayo haina intaneti.

Ukipita hapo kuna mtego wa pili. Urejeshaji unafika asilimia 100, unawasha upya, Windows inatoa skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Draiva uliyopakia ilisaidia mazingira ya urejeshaji kuona diski, lakini haikuingizwa ndani ya Windows iliyorejeshwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na muuzaji aulizwe yote mawili kwa kutenganisha. Acronis wanaita uwezo huu Universal Restore. Veeam Agent nayo inaruhusu kuingiza draiva kwenye mfumo unaorejeshwa. Majina yanatofautiana, kwa hiyo usiridhike na jina. Taka uone.

Mtego wa tatu ni BIOS na UEFI. Seva ya zamani iliyowaka kwa BIOS, ikirejeshwa kwenye mashine mpya inayokubali UEFI pekee, itagoma isipokuwa programu iweze kubadili mpangilio wa diski kutoka MBR wa zamani kwenda GPT wa kisasa na kuandika upya sehemu ya kuwashia. Si zote zinaweza. Kumbuka pia kwamba MBR haivuki TB 2, kwa hiyo diski kubwa mpya italeta swali hilo hata kama mashine ni ileile.

Mwisho wa yote, mfumo ukishawaka, fungua mipangilio ya mtandao. Kadi ya mtandao ni mpya, kwa hiyo anwani ya IP uliyoipanga imebaki kwa kadi ya zamani isiyokuwepo. Seva iko hai, watumiaji hawaioni, na simu zinaanza kuingia. Hili halimalizwi na programu yoyote niijuayo kwa uhakika wa kila mara. Andika anwani hizo kwenye karatasi.

Hatua ya tano: hakikisha database inaamka ikiwa timamu

Kwenye Windows, programu ya nakala inapaswa kutumia VSS, huduma inayoiambia SQL Server na Active Directory zitulie kwa sekunde chache wakati picha ya diski inachukuliwa. Uliza, kisha thibitisha kwa amri `vssadmin list writers`. Kila mstari uonyeshe hali ya Stable.

MySQL na PostgreSQL, ambazo mifumo mingi ya hospitali na ya kujitengenezea inazitumia, hazina utaratibu huo ndani yake. Picha ya diski itakuwa kama seva iliyokatiwa umeme ghafla. Mara nyingi inaamka, mara nyingine haiamki. Kwa hizo, panga `mysqldump` au `pg_dump` (amri zinazotoa data ya database kwenye faili) ikimbie kabla ya nakala ya diski, faili lake libaki ndani ya seva ili lichukuliwe pamoja. Ukiwa na programu inayoruhusu kuendesha hati fupi ya amri (script) kabla na baada ya nakala, umepata unachohitaji.

Kuhusu Active Directory: kama una seva moja tu inayoisimamia, irejeshe nzima. Kama ziko mbili na moja iko salama, mara nyingi ni bora kusimika mpya na kuiacha ivute taarifa kutoka kwa mwenzake. Na nakala yenye umri wa zaidi ya siku 180 usiirudishe kabisa kwenye kundi lenye seva nyingine hai, maana huo ndio muda wa kawaida ambao kumbukumbu za vilivyofutwa hutunzwa.

Hatua ya sita: pitia zilizopo sokoni

Windows Server Backup imo ndani ya Windows Server, hailipiwi. Amri kama `wbadmin start backup -backupTarget:E: -allCritical -vssFull -quiet` inachukua kila kinachohitajika kurejesha mashine nzima. Inafaa ofisi yenye seva moja na mashine mbadala inayofanana. Mipaka yake uijue mapema: diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kama data ni kidogo, ukiandika kwenye folda ya mtandao inabaki nakala moja ya mwisho tu, na kwenye mashine tofauti sana haina msaada mkubwa.

Veeam ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi kwa ofisi yenye seva 3 hadi 10 za Windows, kwa sababu toleo lake la bure, Community Edition, linalinda hadi seva au mashine pepe 10 (mashine pepe ni kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine). Flashi yake ya urejeshaji inabeba draiva za mashine ya awali na inakubali nyingine. Pia nakala ya seva halisi inaweza kuwashwa kama mashine pepe ndani ya Hyper-V au VMware, programu za kuendeshea mashine hizo, watu wakaendelea na kazi wakati unatafuta chuma kipya. Kwa umbali wetu na Dar, uwezo huo una thamani kuliko sifa kumi za kwenye vipeperushi. Lakini toleo la bure halina msaada rasmi wa uhakika, na seva ya Veeam inahitaji mtu anayeisasisha.

Acronis Cyber Protect ni nyepesi kwa fundi mmoja anayezunguka matawi, na urejeshaji wake kwenye mashine tofauti umekomaa. Ni ya kulipia, na vifurushi vyake viko vya aina nyingi, hivyo soma ni kipi hasa chenye uwezo unaoutaka. Commvault ina nguvu kubwa, ila kwa ofisi nyingi za mikoa hii ni kubwa kupita kiasi.

Kwa seva za Linux, Relax-and-Recover, maarufu kama ReaR, ni ya bure, ya msimbo huria, na imeanza mwaka 2006. Unaandika mistari michache ndani ya `/etc/rear/local.conf`, unaendesha `rear -v mkbackup`, inatengeneza ISO (faili la diski ya kuwashia) au flashi pamoja na nakala. Siku ya tatizo unabuti na kuandika `rear recover`. Ikiona diski hazifanani inakuuliza uzipange vipi. Inataka mtu asiyeogopa skrini nyeusi. Kama una kijana wa namna hiyo ofisini, usinunue kitu kingine kwa Linux kabla hujaijaribu.

Clonezilla ni nzuri kwa picha ya mara moja, mfano kabla ya kubadilisha diski. Inahitaji seva izimwe, na diski lengwa isiwe ndogo kuliko ya awali. Usiifanye mpango wa kila siku.

Hatua ya saba: zitenge nakala na adui

Virusi vya kudai fidia huanza kutafuta nakala kabla ya kufunga data. Mwaka 2024 udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2024-40711 kwenye Veeam Backup & Replication ulitumiwa na washambuliaji waliosambaza virusi vya Akira na Fog, ilhali sasisho la kuuziba lilikuwa limeshatolewa. Somo halihusu Veeam peke yake. Seva ya nakala isiunganishwe na domain ya ofisi (kundi la kompyuta zinazosimamiwa na Active Directory), iwe na nywila yake, isasishwe kila mwezi, na diski ya nje ichomolewe nakala ikishakamilika. Programu ikiwa na uwezo wa kuandika nakala isiyofutika kwa siku ulizopanga, utumie.

Washa usimbaji wa nakala pia, yaani nakala isisomeke bila nywila. Diski iliyojaa taarifa za wagonjwa au akaunti za wakulima ikipotea njiani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, na sheria hiyohiyo inagusa kupeleka taarifa nje ya nchi. Taasisi za umma zipate pia maelekezo ya eGA (Mamlaka ya Serikali Mtandao) kabla ya kuamua wingu.

Hatua ya nane: leseni na zabuni

Muuzaji ajibu kwa maandishi: leseni inahesabiwa kwa seva, kwa prosesa au kwa TB? Bei iko kwa dola? Muda wa leseni ukiisha, bado ninaweza kurejesha nakala za zamani? Kuhamishia nakala kwenye mashine nyingine siku ya dharura kunahitaji kuiwezesha leseni kupitia intaneti? Swali la mwisho wengi hulisahau. Na leseni ya Windows iliyokuja na mashine yenyewe imefungwa kwa mashine ile, iulizie mapema.

Taasisi ya umma inayonunua kupitia NeST (mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma) iweke sharti hili ndani ya vigezo: “Mzabuni atarejesha nakala ya seva ya mnunuzi kwenye mashine ya modeli tofauti, katika ofisi ya mnunuzi, bila intaneti, mfumo utawaka na mtumiaji ataingia na kuona miamala ya mwisho, kabla ya malipo ya mwisho kufanyika.” Sentensi hiyo moja inawachuja wazabuni wasiojiamini.

Hatua ya tisa: siku ya jaribio

Chagua Jumamosi. Tafuta mashine isiyofanana na seva yako. Iunganishe na swichi ya peke yake isiyogusa mtandao wa ofisi, kwa sababu seva mbili zenye jina moja na anwani moja zikionana zitavuruga kila kitu, na Active Directory ndiyo itakayoumia zaidi.

Usiendeshe wewe mtaalamu. Mpe msaidizi wako karatasi ya maelekezo, ukae pembeni, usiguse kibodi. Kila anapokwama, andika alipokwama, kisha rekebisha karatasi. Anza kuhesabu muda flashi inapochomekwa na simamisha pale mhasibu, ambaye umemwomba aje kwa saa moja, anapoingia kwenye mfumo na kufungua risiti ya mwisho ya Ijumaa. Seva kuwaka hakutoshi. Linganisha muda huo na karatasi iliyosainiwa hatua ya pili. Ukizidi, tatizo ni ama kasi ya mtandao, ama diski ya nakala, ama programu. Vikague kwa mpangilio huo, kwa sababu viwili vya kwanza ni nafuu kubadili.

Fanya hivi kwa programu mbili angalau kabla ya kulipa. Karibu zote zina kipindi cha majaribio. Baada ya kununua, rudia kila unapobadili kadi ya RAID, unapopandisha toleo la programu, na kila Septemba kabla ya msimu.

Ukishamaliza, funga bahasha mbili. Kila moja iwe na flashi ya urejeshaji iliyojaribiwa, flashi ya draiva za mashine mbadala mnazoweza kuzipata mkoani, funguo za BitLocker, nywila ya usimbaji wa nakala, namba za leseni, anwani za IP, na karatasi ya maelekezo iliyorekebishwa na msaidizi. Moja ikae kwenye sefu ya ofisi, nyingine jengo tofauti, na watu wawili wajue zilipo.